Ziwa Kivu na maji yaliyogeuka njia

Tumezoea kuona Ruzizi ukitoka Bukavu na kushuka hadi Uvira, basi tunadhani ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo. Sivyo. Zamani sana maji ya bonde letu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Kisha volkano za Virunga zikatapika mawe, zikaziba njia. Maji yakajikusanya, yakapanda, hata yakapata pa kumwagikia kusini. Wachunguzi wanakadiria kwamba hayo yalitimia zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Ndiyo maana ziwa letu liko juu hivi, karibu mita 1460 juu ya bahari, na Tanganyika liko chini mbali, karibu mita 770.

Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipiga kasia hadi mwisho wa kaskazini wa Tanganyika ili kujua kama Ruzizi unatoka ziwani na kwenda Nile. Wakakuta maji yanaingia. Wenyeji wa pale, bila shaka, walilijua jambo hilo siku zote.

Anayetaka ushahidi wa njia ya zamani asiangalie mawe tu, aangalie samaki. Tanganyika, ziwa la miaka mamilioni, lina aina zaidi ya 250. Kivu halifikishi hata 40, na wengi wao ni jamaa ya samaki wa Edward na Victoria, siyo wa Tanganyika. Maporomoko ya Ruzizi yaliwazuia wa kusini wasipande. Katikati ya ziwa, penye kina, palikuwa patupu kabisa. Wazee wetu walivua kandokando tu.

Basi hii sambaza tunayokula na bugali, na ambayo watoto wanadhani ni chakula cha mababu, ni mgeni. Miaka ya 1958 hadi 1960 Mbelgiji mmoja, Collart, alileta vifaranga vya ndagala kutoka Tanganyika. Alitaka aina mbili. Moja tu ndiyo ilishika. Leo, kukosekana mwezi, tunaona taa za wavuvi zikitapakaa ziwani usiku, pirogi tatu tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, na nyimbo zao zinasikika hadi ng'ambo. Hii nayo ni mila sasa, hata kama umri wake haupiti ule wa babu zetu.

Lakini maji hayo yana kitu kingine. Chini kabisa (kina kinafika karibu mita 485) mmelala gesi nyingi sana: kilometa za ujazo karibu 300 za gesi ya kaboni na 60 za metani. Maji ya chini yana chumvi, ni mazito, ndiyo yanayoikandamiza. Metani inaweza kuwa mali: huko Gisenyi kiwanda cha bia kiliitumia tangu 1963, na tangu 2016 Rwanda inaitoa umeme. Gesi ya kaboni siyo mchezo. Ziwa Nyos, Kamerun, lilipoitapika mwaka 1986 liliua watu zaidi ya 1700 kwa usiku mmoja. Lava ya Nyiragongo iliingia Kivu Januari 2002, na kwa bahati gesi ya chini haikutikisika.

Ile inayotuua kidogo kidogo iko nchi kavu. Ni mazuku, upepo mbaya. Gesi ileile inatoka kwenye nyufa za lava magharibi ya Goma, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Wazee hawakuwa na jina la kaboni. Waliona ndege na mbuzi wamekufa ndani ya bonde, wakapaita pabaya, wakawakataza watoto na wachungaji. Wengine walisema ni mizimu, kwani Nyiragongo ilihesabiwa kuwa makao ya roho za waovu. Sababu waliyoitoa ilikuwa nyingine, lakini mipaka waliyoiweka ilikuwa sahihi.

Leo mji umepanuka hadi kwenye mashimo hayo. Mtoto akiingia kuchukua mpira, anaanguka. Mkubwa anayeshuka kumtoa anaanguka naye, kwa sababu hewa ya kifua chake iko mzima akiwa amesimama, akiinama tu imekwisha. Na aliyekimbia vita kutoka Masisi, akauziwa kiwanja bei rahisi chini ya bonde, nani alimwambia?