Waya wa Baharini na Mwenye Waya



Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya kampuni ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani, ilipata hitilafu. Muda si muda, wateja wa mabenki ya Uingereza, watu wasiopata hata kuiona Virginia, wakashindwa kuzifikia hesabu zao. Wengi walistaajabu. Aijuaye historia ya pwani ya Afrika Mashariki hakuwa na sababu ya kustaajabu.

Mwezi Januari 1879 jeshi la Uingereza lilipigwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana. Habari zilichukua karibu wiki tatu kufika London. Aibu hiyo iliharakisha kazi ya kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari, na kabla ya mwaka kwisha waya ulikuwa umetoka Aden, ukapitia Unguja na Msumbiji, hadi Durban. Mwenye waya hakuwa Sultani Barghash wala mtu yeyote wa pwani hii, bali kampuni ya Kiingereza, mojawapo ya makampuni ya John Pender, tajiri aliyeanzia katika biashara ya nguo.

Wajerumani walipoitwaa Tanganyika, waliona nafuu kuiunganisha Dar es Salaam na waya huo wa Unguja. Kwa nini wagharimike, na wa Mwingereza upo, tena unafanya kazi vizuri? Kwa zaidi ya miaka ishirini hesabu hiyo haikuwa na kasoro. Tarehe 5 Agosti 1914, vita vingali vichanga, meli ya Kiingereza iitwayo Alert ilizikata nyaya za Ujerumani katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Siku tatu baadaye manowari Astraea iliupiga mizinga mtambo wa redio wa Dar es Salaam. Koloni likabaki bila njia ya uhakika ya kusemezana na Berlin.

Wako watakaosema hayo ni ya vita, na leo hatuna adui. Ndiyo, na hapo ndipo penye hofu zaidi. Mwaka 1914 ilihitajika meli na makusudi. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilitosha amri moja iliyokosewa wakati wa matengenezo, na Facebook, WhatsApp na Instagram zikazimika duniani kote kwa saa sita hivi. Mama muuza dagaa apokeaye maagizo kwa WhatsApp hakuwa na mahali pa kushtaki.

Sisi tusio na bahari tumekwisha kuonja. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja tarehe 12 Mei 2024, Kenya na Tanzania ziliumia, na Uganda na Rwanda nyuma yao. Sasa waya mkubwa unaoizunguka Afrika, 2Africa, umelazwa na kundi la makampuni ambamo imo Meta, mwenye hiyo Facebook. Mwenye duka amekuwa mwenye barabara. Hatusemi waya huo ukataliwe, kwani unahitajiwa. Lakini serikali zetu zitiapo saini, ziulize njia ya pili yapita wapi na ni ya nani. Vituo vya kubadilishana mawasiliano vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala huwezesha barua ya jirani kumfikia jirani bila kuzunguka Ulaya. Havifai kitu ikiwa sanduku la barua lenyewe liko Virginia.