Hoja Kabla ya Mapambo: Maandalizi ya Insha ya Kiingereza katika Shule za Isiolo

Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kina alama 200 na karatasi tatu. Karatasi ya tatu ina alama 60 na muda wa saa mbili na nusu: insha ya kubuni, insha ya riwaya ya lazima na insha ya kitabu teule cha hiari, kila moja alama 20. Ukijumlisha alama 20 za uandishi wa kiuamilifu katika karatasi ya kwanza, unapata 80. Asilimia 40 ya somo zima, basi, iko mikononi mwa mtahiniwa na kalamu yake. Huko Isiolo, ambako wanafunzi wengi huzungumza Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni, sehemu hii huogopwa. Makala haya yanadai kwamba hofu hiyo imeelekeza maandalizi kusikostahili: wanafunzi wanakaririshwa mapambo ya lugha, ilhali sehemu kubwa ya alama hutolewa kwa hoja, ushahidi na mpangilio.

Alama ziko wapi

Tuanze na insha za vitabu teule. Kwa utaratibu uliozoeleka wa kusahihisha, utangulizi hupata alama 2, maudhui 12, lugha 4 na hitimisho 2. Maudhui yana uzito mara tatu ya lugha. Chukua swali kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka katika Fathers of Nations, riwaya ya Paul B. Vitta inayohusu mkutano wa marais wa Afrika mjini Banjul. Mwanafunzi anayeandika kwamba viongozi ni walafi ametoa dai tupu. Anayeeleza jinsi Profesa Kimani anavyoachwa na mkewe kwa ajili ya Walomu, aliyepanda ngazi kwa siasa, kisha akafafanua tukio hilo linasema nini kuhusu thamani ya elimu mbele ya cheo, amejenga hoja, hata kama sentensi zake ni fupi na za kawaida.

Insha ya kubuni hupimwa kwa ngazi nne: D ni alama 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15, na A 16 hadi 20. Hapa lugha ina uzito zaidi, na haifai kulificha hilo. Hata hivyo, kinachopimwa kwanza ni kama ujumbe unamfikia msomaji bila kumtaabisha. Mitihani ya kimataifa nayo haiko mbali na hapo. Muuguzi kutoka Isiolo anayetafuta usajili Uingereza kwa njia ya mtihani wa IELTS anahitaji 6.5 katika uandishi, na uandishi huo hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Viwili vya kwanza ni kazi ya fikra kabla ya kuwa kazi ya lugha.

Gharama ya kukariri

Insha ya kukariri hujulikana tangu mstari wa kwanza. Asubuhi ni tulivu, umande umetanda, ndege wanaimba, na mwandishi yuko katika mji wenye vumbi na joto ambako asubuhi ya aina hiyo ni nadra. Aya nzima inakwisha kabla tukio halijaanza. Kisha akiba ya misemo inaisha, nyakati za vitenzi zinavurugika, na mtahini anaona pale palipoungwa: sauti mbili katika insha moja. Mwanafunzi amepoteza muda kwa kile ambacho hakuulizwa, na kile alichoulizwa amekifikia akiwa amechoka. Zaidi ya hayo, amejifunza kwamba Kiingereza hakiwezi kubeba mambo anayoyajua.

Mantiki ya baraza

Mambo anayoyajua si haba. Miongoni mwa Waborana wa eneo la Waso, wazee wa malisho, jarsa dheedha, huamua lini mifugo ihame na lini akiba ya kiangazi ifunguliwe. Abba herega husimamia zamu za kunywesha kisimani. Barazani, kabla ya uamuzi, msemaji hutaja msimamo wake, huripoti hali ya nyasi, hukumbusha kiangazi kilichopita, kisha hujibu aliyempinga. Kijana wa Merti au Garbatulla aliyeishi ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, amesikia mabishano ambayo kukosea kwake ni kupoteza ng'ombe. Mjini, wanawake wa ushirika wa Anolei wanaopeleka maziwa ya ngamia Eastleigh, Nairobi, wana mikutano, malalamiko na hesabu za kutosha kuzaa barua, ripoti na kumbukumbu, yaani uandishi wa kiuamilifu wenyewe.

Mantiki hiyo yaweza kuvuka lugha: mtafiti Jim Cummins alitoa mwaka 1979 nadharia kwamba uwezo wa kufikiri kitaaluma uliojengwa katika lugha moja huweza kuhamia nyingine. Lakini hauhami wenyewe. Ni lazima uhamishwe darasani. Pendekezo langu ni hili: swali lijadiliwe dakika kumi kwa lugha wanayoimudu wanafunzi, hoja nne ziandikwe ubaoni, kila mwanafunzi achague moja na kuandika aya moja ya Kiingereza yenye dai, tukio na ufafanuzi. Mwalimu asahihishe aina moja tu ya kosa, mathalani nyakati za vitenzi, kisha aya iandikwe upya. Watafiti Flower na Hayes walionyesha mwaka 1981 kwamba mwandishi hupanga, huandika na hupitia upya kwa kurudi nyuma mara kwa mara. Mwanafunzi anayeandika mara moja na kukabidhi hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Pingamizi

Yapo mapingamizi matatu ya haki. La kwanza, hoja nzuri haina faida ikiwa sentensi haisomeki. Ni kweli, ndiyo maana sarufi ifundishwe kwa sentensi za wanafunzi wenyewe, mahali kosa linapoharibu maana wanayoitaka. La pili ni mzigo wa kusahihisha: darasa la wanafunzi 50 likiandika insha tatu, mwalimu ana insha 150 mezani. Aya moja moja hupunguza mzigo huo, na insha kamili za dakika 50 zibaki kwa mwisho wa muhula. La tatu ni kanuni ya Kiingereza pekee shuleni. Dakika kumi za mjadala haziondoi lengo lake, ila lugha ya mjadala ichaguliwe kwa busara: darasani mna Wasomali na Waturkana pia, na Kiborana peke yake kitawatenga. Kiswahili ndicho daraja.

Suala hili halitaondoka na KCSE, inayotarajiwa kufikia watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 2027. Mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 ulianza 2022 ukiwa wa kuchagua majibu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofutwa baada ya 2023, ilikuwa na insha ya alama 40. Mtihani ukiacha kudai uandishi mapema, mazoea ya darasani yanalazimika kuudai. Anayetaka kujua kama shule imejiandaa asihesabu majaribio yaliyofanywa. Afungue madaftari na kutafuta aya zilizoandikwa mara mbili, ya pili ikiwa bora kuliko ya kwanza.