Kuandaa mboji ya kutagia samaki wa madimbwi

Masika yakiisha, kwenye madimbwi ya mkoa wetu wa Pwani huonekana samaki wadogo wenye madume ya rangi kali. Ni jamii ya Nothobranchius. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope yakingoja mvua. Kwa hiyo msikilizaji unayetaka kuwazalisha kwenye tangi la kioo, unahitaji kitu cha kutagia kinachoweza kukaushwa pamoja na mayai.

Wafugaji wa Ulaya hutumia mboji ya kinamasi, yaani mimea iliyooza nusu majini kwa miaka mingi. Ni nyepesi na hushika unyevu. Dukani hapa huuzwa kwa ajili ya miche, na mara nyingi imetiwa mbolea au chokaa. Hiyo usinunue. Sisi tuliijaribu, na samaki hawakumaliza siku mbili.

Sisi wa Dunda tuna minazi. Tumia chenga za kahawia zinazodondoka kumbi likipondwa kutoa usumba. Ila uliza kwanza kumbi limelowekwa wapi, maana ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye tope la bahari. Kama ni hayo, loweka chenga kwenye maji baridi, ukibadilisha kila siku mpaka chumvi iishe kabisa.

Iwe mboji au chenga, chemsha nusu saa, poza, kisha suuza mpaka maji yafanane na chai nyepesi. Jaza bakuli unene wa vidole vitatu, lizamishe tangini. Samaki watataga humo.

Baada ya wiki moja, itoe na uikamue kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi huharibu: ikiwa na maji mengi mayai huoza, ikikauka mno husinyaa. Ukiifumbata ishikamane bila kudondosha hata tone. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, andika tarehe, hifadhi gizani.

Ikifika miezi mitatu hivi, chunguza mayai. Ni madogo kuliko punje ya mtama. Ukiona macho ndani yake, mwagia maji ya mvua yaliyopoa. Vifaranga huanza kutoka ndani ya saa chache. Mboji usiitupe. Ikamue, ihifadhi tena wiki kadhaa, uimwagie maji mara ya pili, kwani mayai mengine hayaanguliwi kwa mvua ya kwanza hata huko madimbwini.