Herufi Nene za Mlazo: Utetezi wenye Mipaka

Katika kitabu chake Typographia cha mwaka 1825, mchapaji Thomas Curson Hansard wa London alizilaani herufi nene zilizokuwa zimeenea mabangoni, akiona zimevunja uwiano wote. Makala haya yanadai kwamba Hansard alikosea kipimo: aliihukumu herufi ya bango kwa sheria za ukurasa wa kitabu.

Mlazo, yaani herufi zilizoinama, ulianza kama mwandiko wa kusomwa kwa muda mrefu. Mwaka 1501, huko Venice, Aldus Manutius alichapa kazi za Virgil zote kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Karne tatu baadaye matangazo yalileta haja nyingine. Robert Thorne, msubu herufi wa London, aliinenepesha mistari mikuu na kuiacha ile myembamba karibu kama unywele. William Thorowgood, aliyekinunua kiwanda cha Thorne mwaka 1820 kwa fedha alizoshinda katika bahati nasibu, aliuendeleza mtindo huo. Bahati nasibu zenyewe zilitangazwa kwa herufi za namna hiyo, kwa kuwa neno moja lilitakiwa lionekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Unene huleta swali la kiufundi: wino wote huo uwekwe wapi bila kuziba matundu ya a na e? Msanifu huitanua herufi, huurundika weusi kwenye mstari mkuu, kisha huumalizia mstari mwembamba wa r au c kwa kitone kizito. Kitone hicho huitwa pambo, lakini kina kazi. Kiondoe, na r hubaki nguzo yenye unywele usioonekana kwa mbali. Msomaji ataidhania i. Madoido hapa yametokana na mgawanyo wa uzito.

Hata hivyo, Hansard hakukosea kila kitu. Katika ukubwa mdogo mistari myembamba hukatika, na katika aya nzima weusi huchosha macho. Kwa Kiswahili kuna tahadhari ya ziada. Kilatini cha Aldus hakikuwa na w, na k ilikuwa adimu. Kiswahili huzirudia zote mbili bila kukoma. W nene hula nafasi na kuacha doa jeusi, na k yenye mkia wa madaha hupendeza mara moja tu. Fonti ya Elephant ya mlazo, iliyochorwa na Matthew Carter kwa kufuata mtindo huo, italibeba vyema neno “Karibu” juu ya mlango wa duka. Kichwa kama “Wakulima wakumbukwa” kitailemea.

Basi herufi hizi zisichaguliwe kwa kutazama sampuli ya Kiingereza. Msanifu aweke maneno yenyewe yatakayochapwa, kwa ukubwa wake halisi, ayatazame kwa umbali ambao msomaji atasimama, ndipo aamue.