Waya za Jeep ya Misioni: Shaba, Mpira, Pamba na Kasitere



Katika kitabu cha jubile ni desturi kuandika kwanza majina ya mapadri waliotutangulia, hesabu ya wabatizwa na miaka ya majengo. Mambo hayo yana kurasa zake. Ukurasa huu unaeleza kitu kidogo zaidi: waya za Jeep ya zamani ya misioni, ile iliyosimamishwa kando ya kanisa kwa ajili ya sikukuu hii. Wengi wameuliza kwa nini vijana wa parokia walitoa siku zao za mapumziko kufunga upya waya za motokari ya vita. Wazee wamoja wameuliza neno zito zaidi: je, inafaa kuweka chombo cha askari katika sikukuu ya amani? Maulizo hayo ni ya haki. Jibu letu limo ndani ya waya zenyewe, na ili kulifikia yatupasa kuanza mbali kidogo.

Mwezi wa saba mwaka 1940, jeshi la Marekani liliomba viwanda viitengenezee motokari ndogo, nyepesi, inayosukumwa na magurudumu yote mane. Kiwanda cha Bantam, cha mji wa Butler katika Pennsylvania, kilipeleka ya kwanza tarehe 23 Septemba 1940. Baadaye kazi ilipewa hasa Willys-Overland ya mji wa Toledo, pamoja na Ford. Mpaka mwisho wa vita mwaka 1945, viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa Jeep zaidi ya 600,000. Zilibeba askari, majeruhi, maji na barua. Mapadri wa jeshi walitandika kitambaa cha altare juu ya kifuniko cha mashini yake, wakasoma Misa hapo, askari wakipiga magoti chini. Picha za Misa hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Vita ilipokwisha, Jeep nyingi ziliuzwa kwa raia, zikafika pahali pengi ambapo barabara ilikuwa jina tu. Ndivyo na misioni yetu ilivyopata ya kwake.

Motokari haiendeshwi na petroli peke yake. Petroli ni chakula, lakini umeme ndio moto unaokipika. Katika Jeep hii umeme ni wa volti 6. Unatoka katika batri na dinamo, unakwenda kwa demarere inayoamsha mashini, kwa bobini na buji zinazowasha petroli, kwa taa, kwa honi na kwa vipimo vilivyo mbele ya shofere. Waya za njia hizo zimefungwa pamoja katika fungu. Fungu hilo hupita nyuma ya vipimo, hupenya ukuta wa bati unaomtenga shofere na mashini, kisha hufuata shasi mpaka taa za nyuma, likitoa matawi njiani kama shina la mti. Waya ya kurudi haipo: chuma cha motokari chenyewe ndicho kinachorudisha umeme kwenye batri. Mafundi wetu huita njia hiyo masi.

Kwa sababu ilitengenezwa kwa vita, waya zake zilikuwa na kazi ambazo motokari ya raia haikuzijua. Shofere akivuta kifungo cha taa mara ya kwanza, huwaka taa ndogo tu, hafifu, kusudi adui aliye angani asione kitu. Ili kuwasha taa kubwa, lazima abonyeze kwanza kizuizi kidogo kilicho kando, ndipo avute tena; basi hakuna awezaye kuziwasha bila kukusudia. Tena umeme wa buji huvuruga sauti ya redio. Kwa hiyo Jeep nyingi zilifungwa vichujio na mikanda ya shaba iliyosukwa, ya kuunganisha chuma na chuma, na zile zilizotulizwa hivyo ziliandikwa herufi S mwishoni mwa namba yao.

Sasa kazi yenyewe. Anayejenga upya fungu la waya hujaribiwa kukata zile za zamani mara moja na kuzitupa. Huo ni upotevu, maana fungu la zamani, hata likiwa limeoza, ndilo mwalimu. Linaonyesha urefu wa kila tawi, pahali linapotokea, na upande linapogeukia. Kwa hiyo kila ncha ilifungiwa kwanza karatasi yenye namba, na kila namba ikaandikwa katika daftari, ikilinganishwa na mchoro wa kitabu cha jeshi la Marekani, TM 9-803, cha Februari 1944. Kisha fungu zima lilitolewa taratibu, likalazwa juu ya ubao mrefu, na misumari ikapigwa kandokando yake kila pahali linapopinda au kutoa tawi. Lilipoondolewa, njia yake ilibaki juu ya ubao, nayo waya mpya zilinyoshwa kati ya misumari ileile.

Unene wa waya si jambo la kukisia. Taa ya wati 30 hunywa ampere 5 kwa volti 6, lakini kwa volti 12 hunywa ampere 2.5 tu. Maana yake, kwa kazi ileile, motokari ya volti 6 hupitisha umeme mara mbili katika waya zake. Anayeweka waya nyembamba, kama zile za motokari za leo, ataona taa zinafifia na waya zinapata joto. Vilevile masi: pahali kila waya au mkanda unapogusa shasi, rangi na kutu hukwanguliwa mpaka chuma king'ae. Taa nyingi zinazokataa kuwaka hazina ugonjwa mwingine ila kutu ya masi.

Ncha za waya zilitiwa vichwa vya shaba na kuunganishwa kwa sudire. Pahali fungu linapopenya bati, pete ya mpira iliwekwa ili ukali wa bati usilikate. Mama wa chama cha kushona ndio waliozungusha utepe wa pamba juu ya fungu lote, zungo juu ya zungo, kisha likapakwa vanisi. Mwishoni kila njia ilipimwa kwa taa ndogo na batri ya tochi, moja baada ya nyingine. Batri kubwa ilifungwa siku ya mwisho, baada ya zote kujibu.

Wakati wa kazi hiyo, kipande cha waya ya zamani kilipasuliwa kwa kisu, kusudi vijana waone kilivyoumbwa. Katikati, nyuzi za shaba. Juu ya shaba, mpira uliokuwa umekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Juu ya mpira, pamba iliyosukwa, yenye uzi wa rangi wa kutofautisha waya na waya. Kwenye ncha, sudire, ambayo ni risasi iliyochanganywa na etani. Mzee mmoja aliyekuwepo alikitazama kipande kile, akavitaja vitu vinne kwa sauti: shaba, mpira, pamba, kasitere. Hapo sote tulinyamaza. Maana vitu hivyo vinne ndivyo walivyotakiwa mababu wetu katika miaka ileile ya vita.

Shaba ilichimbwa Katanga na kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na wakati wa vita ilikwenda kwa Waingereza na wenzao. Bei ya vitu ilipanda, mishahara haikuifuata. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma, na tarehe 9 Desemba, katika mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi wa leo, askari waliwapiga risasi. Watu makumi walikufa siku ile.

Mpira ulirudi kama jina la hofu. Mwezi wa Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, na mashamba ya Malaya na visiwa vya Indonesia, yaliyokuwa yakitoa sehemu kubwa ya mpira wa dunia, yalipotea kwa waliopigana nao. Ndipo serikali ya Wabelgiji ikawapeleka watu msituni kutafuta mpira wa mwitu. Mwaka uleule siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijiji ziliongezwa, zikatoka 60 zikawa 120 kwa mwaka. Waliokuwa wangali wakikumbuka mpira wa mfalme Leopold II, kabla ya mwaka 1908, hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Pamba ilikuwa imetangulia. Kilimo chake cha lazima kilianza katika inchi yetu mwaka 1917, na Maniema ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza. Kila nyumba ilipimiwa shamba, na kazi yake kubwa iliwaangukia wanawake, hata muhogo na mpunga wa watoto ukangoja. Kasitere nayo, inayozaa etani, ilichimbwa Kalima hapa Maniema, na Manono upande wa kusini. Migodi ya Malaya ilipotekwa, etani ya Kongo iliongezeka samani kwa wenye kupigana, na watu wakatakiwa zaidi kwenye migodi.

Mbele ya kiti cha shofere, Jeep ina vibao vidogo vya chuma. Kimoja kinataja kiwanda na siku motokari ilipotolewa. Hakuna kibao kinachomtaja aliyegema mpira, wala aliyechuma pamba, wala aliyechimba shaba na kasitere. Hatusemi haya ili kuamsha chuki, kwani wengi wa waliotoa amri wamekwisha kwenda mbele ya Mwamuzi wa haki. Twasema kwa sababu ushindi wa mwaka 1945 huhesabiwa mara nyingi kwa majina ya majemadari na kwa wingi wa vyombo, na jasho la vijiji vyetu halihesabiwi. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Waya ni kiungo cha namna hiyo: hakuna anayeipiga picha, lakini ikikatika, Jeep yote ni chuma kilichosimama.

Basi, wazee wetu, jibu ni hili. Hatukuiweka Jeep kando ya kanisa ili kuisifu vita. Tuliiweka kwa sababu ilibeba wagonjwa wetu na mapadri wetu, na kwa sababu ndani yake mna kazi ya watu wetu ambayo haikuandikwa popote. Kuifunga upya waya kulikuwa namna ya kusoma maandiko yaliyofichwa chini ya bati.

Fungu la zamani halikutupwa. Kipande chake cha urefu wa kiganja, kilichopasuliwa, kimewekwa ndani ya kioo katika sala ya parokia, na chini yake kuna karatasi yenye mistari minne: waliochimba shaba, waliogema mpira, waliolima pamba, waliochimba kasitere. Chini ya kila mstari pameachwa nafasi. Twaomba kila jamaa inayokumbuka babu au bibi aliyefanya moja ya kazi hizo katika miaka ya vita ilete jina lake kwa katekista wa kijiji chake. Majina hayo yataandikwa pale, nayo yatasomwa mbele ya altare tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote.