Mlango Huuzwa na Nyumba?

Anayenunua nyumba Chalinze, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikielekea Morogoro na nyingine ikishika njia ya Segera, Tanga na Moshi, kwa kawaida hupewa hati fupi ya mauziano yenye majina ya pande mbili, bei, mipaka minne na sahihi za mashahidi. Mara nyingi katika hati hiyo mna neno moja tu la kueleza kinachouzwa: nyumba. Ugomvi huanzia hapo. Mnunuzi akija siku ya kukabidhiwa akakuta tangi la maji limeteremshwa, nondo za madirisha zimeng'olewa, feni hazipo darini na mlango wa mbele umebadilishwa kwa mbao za kupachikapachika, husema ameibiwa. Muuzaji naye hujibu kwamba ameuza nyumba, hakuuza mali zake. Wawili hawa si lazima mmoja wao awe mwongo. Kila mmoja ana nyumba yake akilini, na nyumba hizo mbili zina historia mbili zisizofanana.

Nyumba ya kwanza ni ile ya miti na udongo. Nchi ya Chalinze, Lugoba, Msoga na Msata ni nchi ya Wakwere, na kadiri mtu anavyokwenda kaskazini kuelekea Miono ndivyo anavyowakuta Wazigua. Huko, kama ilivyokuwa Mrima wote, nyumba ilisimamishwa kwa nguzo zilizochimbiwa, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa kwa mikono, na paa la nyasi au makuti. Vyote hivyo vilitoka porini na shambani, na gharama yake ilikuwa jasho la mwenye nyumba na jamaa zake. Ardhi chini yake haikuwa bidhaa, kwani mtu alijenga kwa haki ya ukoo au kwa ruhusa ya wenyeji. Kitu kilichotoa fedha mfukoni kilikuwa mlango. Mbao zilitaka mpasuaji, kizingiti na miimo vilitaka seremala, na bawaba na komeo vilitaka duka.

Basi mwenye nyumba alipohama, aliziachia kuta mvua izirejeshe zilikotoka, akajitwika mlango pamoja na fremu yake. Hakuna aliyemwita mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Mabati yalipokuja kushika nafasi ya nyasi, nayo yakaingia katika hesabu ileile: kitu cha kununuliwa, cha kuteremshwa na kubebwa. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilipowahamisha watu kwa mamilioni nchini Tanzania kutoka makazi yao ya kutawanyika na kuwapanga katika vijiji, ambavyo vingi viliwekwa kando ya barabara, desturi hii ilikuwa ndiyo akiba ya mnyonge. Aliyeamriwa kuhama hakuweza kubeba mwembe wala kisima, lakini mlango aliweza kuubeba. Mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, akija kuuza nyumba yake ya matofali leo, huona ni jambo la kawaida kabisa kuondoka na mlango wake.

Pwani iliuzoea mgawanyo huu kiasi cha kuufanya msingi wa umiliki. Mnazi ulikuwa na mwenyewe, kiwanja kilikuwa na mwenyewe, na nyumba iliyosimama kati ya minazi ingeweza kuwa ya mtu wa tatu. Mjini Unguja, wakazi wengi wa Ng'ambo walimiliki vibanda vyao huku wakilipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na mwaka 1928 waligoma kuilipa, mgomo ambao haungewezekana kama nyumba na ardhi vingekuwa kitu kimoja machoni pao. Mombasa, hasa Majengo na mitaa jirani, mpaka leo huuzwa nyumba bila ardhi: mnunuzi hupata kuta, paa na milango, na hurithi wajibu wa kumlipa mwenye kiwanja. Hapo hakuna haja ya kuuliza kama mlango ni sehemu ya ardhi, kwa kuwa hata ukuta wenyewe si sehemu ya ardhi.

Nyumba ya pili ni ya mawe. Hiyo haipatikani Chalinze, bali kwenye makao ya zamani ya wilaya, Bagamoyo, mji uliotajirika katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Tabora na Ujiji, ukawa makao makuu ya kwanza ya Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko. Nyumba hii haihamishwi. Hata hivyo nayo ilikuwa na kitu kimoja kilichoweza kuhama, na kwa mshangao ni kilekile: mlango.

Mlango wa nakshi wa pwani si ubao wa kuzuia upepo. Una mbao mbili zinazokutana katikati kwenye mfaa, una kizingiti cha juu kilichochongwa maua, majani au aya, una miimo yenye mnyororo unaozunguka, na aghalabu njumu za shaba. Milango ya mwanzo ilikuwa na kizingiti kilichonyooka. Ile yenye upinde juu ilienea mwishoni mwa karne ya 19, ikichukua mengi kutoka kwa mafundi wa Kihindi. Mpita njia aliusoma mlango kabla hajabisha hodi, akajua cheo na mfuko wa mwenye nyumba. Husemwa kwamba tajiri aliyetaka kujenga aliagiza mlango kwanza, ukuta ukaja baadaye kuuzunguka. Ikiwa ndivyo, swali la kama mlango hufuata nyumba au nyumba hufuata mlango si mzaha hata kidogo.

Wanazuoni wa pwani walikuwa na jibu tayari. Watu wa Mrima na visiwani walio wengi hufuata madhehebu ya Shafi, na kati ya vitabu vilivyotegemewa na makadhi wa madhehebu hayo ni Minhaj cha Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kilifika mbali: kilifasiriwa kwa Kifaransa na kutoka hapo kwa Kiingereza, na mahakama za wakoloni Afrika Mashariki zilikuwa zikikirejea. Katika mlango wa biashara, Nawawi anaeleza kwa mistari michache ni nini kinachoingia katika mauzo ya nyumba. Inaingia ardhi, na kila jengo lililo juu yake hata hamamu. Havingii vinavyohamishika, mfano ndoo ya kisimani, kapi lake na kitanda. Milango iliyokwisha kusimamishwa inaingia pamoja na pete zake, na vilevile mabirika ya kufulia yaliyojengewa, na rafu na ngazi zilizopigiliwa misumari.

Kisha anafika kwenye kijaa cha kusagia nafaka, na hapo ndipo utamu wa fikihi unapoonekana. Jiwe la chini limejengewa sakafuni, kwa hiyo linaingia. Jiwe la juu je? Hilo hunyanyuliwa kwa mikono miwili, na kwa kipimo cha kuhamishika lingepaswa kuondoka na muuzaji. Wanazuoni walihitilafiana, lakini kauli iliyopewa nguvu ni kwamba nalo linaingia, na kwa sababu hiyohiyo ufunguo wa kitasa kilichogongomewa unaingia pia, ijapokuwa hukaa mfukoni. Wafasiri walieleza kwamba vitu hivyo ni vifuasi vya kilichothibitishwa mahali pake. Jiwe la juu bila la chini halisagi, na ufunguo bila kitasa chake haufungui chochote. Kwa hiyo kipimo hakikuwa msumari peke yake. Kiliulizwa pia kitu hiki kipo kwa ajili ya nini, na kama kingebaki na maana kikitengwa na mwenzake.

Ni ajabu kwamba sheria ya Kiingereza, iliyoingizwa Tanganyika kwa hali iliyokuwa nayo tarehe 22 Julai 1920, ilikuwa imefika karibu mahali hapohapo kwa njia nyingine. Katika kesi ya Holland na Hodgson ya mwaka 1872, majaji walitakiwa kuamua kama mitambo ya kufumia iliyopigiliwa sakafuni ilikuwa sehemu ya jengo lililowekwa rehani. Waliamua kwamba ndivyo, wakatazama kiasi cha kushikamana na kusudi la kushikamana. Jaji Blackburn alitoa mfano wa mawe: yakipangwa kuwa ukuta, hata bila chokaa, ni ardhi, mawe yaleyale yakirundikwa uani na mwashi kwa kuhifadhiwa tu, ni mali ya kubebeka. Kadhi yeyote wa pwani angeuelewa mfano huo bila mkalimani. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 nayo imeifasili ardhi kuwa ni pamoja na majengo na miundo mingine iliyoshikamanishwa nayo kwa kudumu. Neno gumu hapo ni "kudumu", nalo sheria imewaachia mabaraza.

Kwa hiyo fikihi na sheria ya serikali zote mbili zinampa mnunuzi wa nyumba ya mawe mlango wake. Ni ada ya nyumba ya udongo peke yake inayompa muuzaji. Lakini milango ya Bagamoyo imepotea hata hivyo, na haikupotea kwa hukumu ya kadhi wala ya jaji. Ilipotea kwa bei. Mji ulipofifia baada ya biashara kuhamia Dar es Salaam, nyumba nyingi zilibaki kwa warithi wengi wasio na fedha za kuzitengeneza. Wakati huohuo, mlango wa nakshi ukawa na soko lake kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, wenye hoteli na wajenzi wa nyumba za kifahari. Ikafika mahali nyumba nzima iliyopasuka kuta haikutafutwa na mtu, ilhali mlango wake ulikuwa na wateja. Hapo jiwe la juu la kijaa likapata bei kubwa kuliko kijaa kizima, jambo ambalo Nawawi hakulihesabia.

Serikali ililiona hilo mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliutaja mlango wa mbao na fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, kuwa kitu kinachohifadhiwa, na ikawekea masharti biashara yake na kuusafirisha nje ya nchi. Ni sheria njema, na bila hiyo huenda pasingebaki hata kidogo kilichobaki. Ila ina kinaya ndani yake. Ili kuulinda mlango, iliuorodhesha miongoni mwa vitu, pamoja na vile vinavyowekwa katika makabati ya makumbusho, badala ya kuuacha ndani ya jengo. Sheria iliyokusudia kuuzuia mlango usitoke ukutani ilianza kwa kukubali kwamba mlango ni kitu kinachotoka ukutani. Unguja ilishika njia nyingine ilipounda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, kwa kuuhifadhi mji na majengo yake kwa jumla, mlango ukiwa sehemu yake. Njia hiyo ni bora zaidi, ingawa nayo haikuziba kila mwanya, kwa sababu mlango hung'olewa usiku mmoja na ukuta huchukua miaka kuanguka.

Chalinze haina milango ya nakshi ya kugombewa. Ina maji, au kwa miaka mingi ilikuwa na uhaba wake, kwani hata baada ya mradi wa maji wa Mto Wami wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi walizoea kuweka akiba. Ndiyo maana kitu kinachozua maneno zaidi kuliko vyote katika mauziano ya nyumba huko kinaweza kuwa tangi la plastiki. Muuzaji huliona kuwa ndoo: limenunuliwa dukani, limekalishwa juu ya jukwaa kwa uzito wake, hufunguliwa bomba moja na kuteremshwa. Mnunuzi huliona kuwa hamamu: jukwaa lake la zege limejengwa pamoja na nyumba, mabomba yake yamezikwa ukutani, na bila lenyewe choo cha ndani hakina kazi. Kwa kipimo cha msumari muuzaji ana hoja. Kwa kipimo cha jiwe la juu la kijaa, mnunuzi ndiye mwenye haki, na hoja yake inaonekana kuwa nzito zaidi pale jukwaa na mabomba yalipojengwa kwa ajili ya tangi hilo. Pampu iliyotumbukizwa kisimani ni ngumu zaidi kuamua, kwa kuwa Nawawi aliiacha ndoo na kapi mikononi mwa muuzaji. Mita ya LUKU haina mgogoro: ni mali ya shirika la umeme, na si muuzaji wala mnunuzi mwenye ruhusa ya kuigusa.

Wakishindwa kuelewana, wawili hao huweza kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha tu katika mambo ya ardhi bila kutoa hukumu, na wakishindwa tena huingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Gharama ya safari na siku zilizopotea huweza kuzidi bei ya tangi. Wengi huishia kugawana: tangi linabaki, nondo zinakwenda, au bei inapunguzwa kidogo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku hizi baadhi ya waandishi wa hati wameanza kuongeza mstari mmoja baada ya mipaka minne, wakitaja milango, madirisha, nondo, tangi na pampu kimoja kimoja, na mwisho wa mstari huandika: pamoja na funguo zake.