Kijani Chini ya Nyekundu: Hotuba Iliyotikisa Nyeri

Msimu wa kampeni ukifika, magari yenye vipaza sauti husimama Gatitu kabla ya kuingia mjini Nyeri. Mgombea huchomoza kwenye paa la gari, akaanza na salamu za nyumba ya Mumbi, yaani jamii ya Wakikuyu. Baada ya salamu huja hofu: tutamalizwa, tutanyang'anywa, tusimame na mtu wetu. Barabara na bei ya kahawa huguswa mwishoni, kama zinaguswa hata kidogo.

Ufundi huu una historia, na sura yake kubwa iliandikwa hapa hapa Nyeri. Tarehe 26 Julai 1952, chama cha Kenya African Union, KAU, kilifanya mkutano Ruring'u. Makadirio ya umati yanafika watu 30,000. Kiongozi wake, Jomo Kenyatta, alisimama mbele ya watu waliojaa uchungu wa ardhi. Mashamba ya walowezi yalikuwa yamewazunguka, na kiapo cha siri cha harakati ya Mau Mau kilikuwa tayari kinapita kijiji kwa kijiji.

Askari walisimama chini ya miti, bunduki mkononi. Kenyatta hakujifanya hawaoni. Aliwaambia watu wasiwaogope: kazi ya askari ni kukamata wahalifu, na siku hiyo hawangepata wa kukamata. Ukitazama vizuri, hapo kuna ustadi mkubwa. Aliitaja hofu ya umati kwa jina lake, akaipunguza, akawatia wasikilizaji wake nidhamu bila kuwakaripia.

Kisha akaifafanua bendera ya KAU. Nyeusi ni watu weusi. Nyekundu ni damu, na damu ya Mwafrika ina rangi moja na ya Mzungu. Kijani ni nchi hii, iliyokuwa na rutuba tulipopewa na Mungu. Akawaonyesha kwamba kijani kiko chini ya nyekundu, kimekandamizwa. Umati ukalipuka kwa shangwe. Kuhusu ngao, mkuki na mshale, alisema ni kumbukumbu ya mababu walioilinda ardhi kwa silaha hizo.

Katika hotuba hiyo hiyo alisema KAU si Mau Mau, akalaani wizi, akataka uhuru upatikane kwa amani. Lakini weka maneno hayo kando ya picha ya damu iliyolalia ardhi, ujiulize mkulima aliyenyang'anywa shamba alirudi nyumbani na lipi. Kila mtu aliondoka na hotuba yake. Mwenye subira alisikia umoja, kijana aliyekula kiapo akasikia ruhusa, na serikali ikasikia uchochezi. Hata taarifa tunayoisoma leo imetufikia kupitia polisi, ikachapishwa katika ripoti ya F. D. Corfield mwaka 1960. Maneno yaliyotolewa kwa watu wa Nyeri yamehifadhiwa kwa kalamu ya mpinzani wao.

Serikali ilimbana aseme waziwazi. Agosti 24, huko Kiambu, aliilaani Mau Mau kwa usemi mzito wa Kikuyu: ipotelee kwenye mizizi ya mikongoe, yaani isionekane tena. Baadaye viongozi wa siri wa harakati, Bildad Kaggia na Fred Kubai wakiwemo, walimwita wakamtaka aache kusema hivyo. Hotuba hazikumwokoa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, na Aprili 8, 1953, huko Kapenguria, hakimu Ransley Thacker alimhukumu miaka 7 ya kazi ngumu.

Gharama kubwa ilibebwa na waliokuwa wamesimama uwanjani. Vijana waliingia msituni Nyandarua na Mlima Kenya. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vya kulindwa, na akina mama wakachimbishwa mahandaki.

Siwalaumu waliopiga makofi Ruring'u. Hisia zao zilisimama juu ya jambo la kweli: shamba lililokuwepo, likachukuliwa, na kila mtu alijua mpaka wake. Hapo ndipo hotuba ile inapotofautiana na nyingi tunazosikia Gatitu, ambazo huwasha hofu ya jirani ili mtu mmoja apate kiti. Katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, Kenya ilizika zaidi ya watu 1,100, na ndipo sheria ya kupinga matamshi ya chuki ikatungwa.

Lakini hata hasira yenye haki inaweza kutumiwa na viongozi kama farasi wa kupanda, kisha wenye hasira wakasahauliwa. Uhuru ulipokuja Desemba 12, 1963, bendera mpya ilichukua rangi zile zile za KAU, mistari myembamba myeupe ikiongezwa kati ya rangi hizo. Wapiganaji walitoka msituni wakiwa na nywele ndefu. Wengi hawakupata ardhi. Katika Kaunti ya Nyeri vipo vijiji vya enzi ya hali ya hatari ambavyo wakazi wake wamesubiri hatimiliki kwa miongo.

Gari la kampeni likisimama tena Gatitu mwaka 2027, mwulize mgombea kuhusu hatimiliki hizo kabla hujampigia makofi. Kwenye bendera, kijani bado kiko chini.